Kuruka Mbele ya Mkwe

Ndege yetu haina injini na ina kiti kimoja. Mwalimu hubaki chini salama salimini, na wewe unafundishwa na ardhi. Mimi ardhi ya Masasi ilikuwa imeshanifundisha mara nne.

Mara ya tano alikuja Bi Rukaiya kutoka Chiwata, na binti yake Shakila. Posa yangu ilikuwa imekaa kwake miezi mitatu. Alisema hamwozeshi mwanawe mtu anayeaga dunia kila Jumamosi, mpaka aone kwa macho yake kwamba hurudi mzima.

"Mudathiri," Mwalimu Bibiana akaniambia akinikaza mkanda, "pikapu itavuta kamba, utapanda kidogo, utakwenda moja kwa moja, utashuka. Usukani ushike kama yai. Ukiusukuma mbele, umejizika."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Hata Jumamosi iliyopita ulielewa."

Pikapu ikavuta, kamba ikaachia, nikawa juu mita mbili, hewa tamu. Ghafla nikamwona Bi Rukaiya pembeni mwa uwanja, nami nampita kwa juu kama kunguru asiye na kwao.

Mtu hapiti mbele ya mkwe kifua mbele. Kiuno kiliinama chenyewe. "Shikamoo, mama." Mikono ikafuata kiuno, usukani ukafuata mikono, na ndege nayo ikainama kwa adabu zote hadi kwenye shamba la mbaazi.

"Marahaba," akajibu Bi Rukaiya.

Mwalimu akakagua mabawa, akakagua mkia, mwisho akanikagua mimi. "Umefeli. Kule Newala, kwenye ukingo wa mlima wanakoruka waliofaulu, sikupeleki. Ukikutana na mkwe kule, tutakuokota bondeni."

"Mwalimu, kosa si lake," Bi Rukaiya akasema. "Ulitaka anipite kama gogo? Mrushe tena. Mimi sitakuwepo."

Akanipa mgongo, akajitanda kanga mpaka usoni, akatulia palepale.

Nikavutwa tena. Safari hii kiuno hakikuwa na wa kumwinamia. Nikanyooka, nikateremka, ndege ikagusa nyasi taratibu.

Bi Rukaiya hakugeuka. Nilimsikia akimwuliza Shakila, "Ameshuka?"

"Ameshuka, mama."

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi wazee wake waje Ijumaa. Na waje kwa basi."