Jicho la Ghorofa ya Pili

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kikaoni na taa.

Mimi ndiye msimamizi wa jengo letu la maduka na ofisi, Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga. Mwenye jengo alitaka umeme upungue, nami nikaupunguza. Niling'oa tyubu zote za korido nikafunga taa za jicho. Jicho lenyewe ni kidude cheupe cha darini: likiona mtu anatikisika linawasha, lisipoona kitu linazima. Kiwandani walikuwa wameliweka lisubiri dakika kumi. Mimi nikachukua bisibisi nikalirudisha hadi mbili, kwa kutafuta sifa tu, na sifa nikazipata.

Kikao kinafanyika stoo. Zile tyubu za zamani zimeketi kwenye benchi, zimejifunika kanga magotini, kama wastaafu wanaongoja kuitwa dirishani. Nawaamkia. Mmoja anapepesa mara tatu ndipo anaitikia, maana hata kazini alikuwa hivyo hivyo.

"Marahaba. Orodha ya watu umekuja nayo?"

Nakuta ninayo mkononi.

Mwenyekiti ni jicho la ghorofa ya pili. Limevaa suti. Linaniuliza kwenye ghorofa yake wapo wangapi, nami nasema ishirini na mmoja.

"Mimi naona ishirini."

"Umemruka Mzee Mhina, fundi saa. Meza yake iko mwisho wa korido."

"Anatikisika?"

Mzee Mhina akishapachika lenzi jichoni na kushika kibano, kinachotembea ni ncha za vidole tu, tena kwa kuviziwa. Fundi saa akitikisika ameharibu mali ya watu.

"Asiyetikisika hayupo," linasema jicho. "Na asiyekuwepo hawashiwi. Kanuni ni yako, Shekue, mimi nimeajiriwa tu." Linafungua kalamu. "Nimfute?"

"Usimfute!" Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi, wakati sijui hata upande wa kufungulia. Kula yangu yote imetoka mkononi mwake. "Ngoja nikamwite."

"Una dakika mbili."

Natoka mbio. Ngazi zinashuka moja kwa moja hadi jikoni kwa mama, Pongwe. Mama amefariki mwaka wa tisa huu, lakini yupo, amekaa kwenye kigoda, anapunguza utambi wa kibatari.

"Pita pembeni," ananiambia. "Usikanyage ghorofa ya pili, nimeianika."

Kweli ameianika juu ya mkeka, milango yote na vibao vyake, pamoja na mihogo. Nanyanyua ukingo wa mkeka, naingia.

Korido ni giza tupu. Naita.

"Nipo," anajibu Mzee Mhina, sauti ikitokea chini chini.

"Shikamoo, mzee. Inua mkono upesi, jicho likuone!"

"Marahaba. Nimeuinua miezi minne, mwanangu. Nikishika kigurudumu, giza. Nikiinua mkono, mwanga unarudi, lakini kigurudumu kimeshadondoka. Nainama kukitafuta, nikikipata na kutulia, giza tena."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakwambia. Kila ulipopita nilikuwa nimeuinua. Wewe ukanipungia."

Ni kweli, nilimpungia. Nilidhani ananisalimu, nikawa namjibu kwa bashasha, "Salama, mzee wangu!" huku nikienda zangu. Kinyozi wa mlango wa jirani alimpungia. Hata wateja walimpungia, na wakasifu kwamba mzee yule ni mchangamfu sana siku hizi. Nasikia aibu.

"Na jana, mzee?"

Jana mchana nilipita, taa imezimika juu ya meza yake na mkono haukuinuka. Nikajua ameenda kuswali. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikasema jicho linafanya kazi.

"Jana nilichoka," anasema Mzee Mhina.

Anaitoa lenzi jichoni mwake, anaibandika jichoni mwangu, anaikandamiza. "Nishikie kiti kidogo."

Nakaa. Mwanga unawaka. Naona kigurudumu kidogo kama mbegu ya bamia, nakishika na kibano, nabana pumzi. Giza. Nataka kuinua mkono, hauinuki. Ni mzito, umechoka kwa uchovu usio wangu. Watu wanapita koridoni.

"Hapa si palikuwa na mtu?" anauliza kinyozi.

"Atakuwa amehama," mtu anamjibu, na sauti ni yangu.

Kisha nasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Baba Salha! Baba Salha, amka!"

Nikafumbua macho. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya kitanda, kumekucha, na mkono wangu wa kulia umenyooka juu.

"Tangu adhana umeuinua hivyo hivyo," akasema. "Nilidhani unaniaga." Halafu akainama kunitazama vizuri. "Na hicho jichoni nini?"

Nikaenda kwenye kioo. Jicho langu la kulia lilikuwa limezungukwa na alama ya duara, nyembamba, iliyobonyea kwenye nyama. Mzee Mhina anayo kama hiyo, ya miaka thelathini. Mimi lenzi ya saa sijawahi kuigusa.

Nikachukua bisibisi.

"Na chai?"

"Nikirudi."

Nataka nimtangulie mzee. Nitapanda ngazi niufungue muda wa lile jicho mpaka mwisho wake, kisha nikae pale kwenye kiti chake nimsubiri. Akija, Inshallah akija, nione kama mkono atakaouinua ni wa salamu.