Miezi ya Ruhende

"Siku utakayostaafu utakuwa na miezi mia moja sabini na nne ya michango," Janet alisema, akageuza kompyuta ili mama aliyekaa mbele yake aone. "Ili ulipwe pensheni kila mwezi, inatakiwa isipungue mia moja themanini."

"Na ikipungua, mwanangu?"

"Unalipwa mara moja tu, mama. Ndiyo imetoka."

Getruda Luhende, muuguzi wa zahanati moja huko Sengerema, alikuwa amebakiza miezi mitatu atimize miaka sitini. Ujana wake aliumaliza kwenye hospitali ya misheni, akaingia serikalini akiwa na miaka arobaini na mitatu. Alijua hesabu yake ingekuwa fupi, lakini si fupi kiasi hicho. Miaka kumi na saba haiwezi kuwa miezi mia moja sabini na nne. Miaka miwili na nusu haikuonekana.

Janet, afisa wa mfuko wa pensheni pale Mwanza, alirudia kupekua. "Inayokosekana ni ile ya mwanzo kabisa. Umewahi kutumia jina lingine kazini?"

Getruda alifunga mkoba wake. "Hapana," alisema.

Alikuwa anadanganya. Siku alipoajiriwa, karani alimuuliza jina la baba, naye akamjibu. Karani akaandika "Ruhende", kama alivyozoea kulitamka. Getruda aliiona ile R, akaona aibu kumsahihisha mtu mzima mbele ya foleni, akaweka sahihi. Alipohamishiwa Sengerema walichukua jina kwenye vyeti vyake, likaandikwa sawasawa, na hakuna aliyeuliza. Baadaye ukaja uhakiki wa vyeti. Watu aliofanya nao kazi waliondolewa kwa kughushi, mmoja akaacha hata kikombe chake cha chai mezani. Tangu hapo Getruda aliificha ile R kama mtu anavyoficha ugonjwa.

Gari la kurudi lilivuka daraja la Busisi kwa dakika chache. Enzi za kivuko angepata muda wa kupanga maneno. Sasa alifika nyumbani hajapanga lolote, akamkuta mwanawe Jonathan anamsubiri sebuleni.

Alimweleza yote, hata ile R. Jonathan alikuwa na duka dogo la vipuri vya pikipiki, na tangu mwaka jana alikuwa akizungumzia kufungua la pili kwa fedha za mama yake.

"Mama, nyamaza," alisema. "Ukisema una majina mawili watakushuku. Wakikufutia na hiyo miezi mingine je? Chukua ya mara moja. Duka likishasimama nitakuwa nakupa kila mwezi."

"Na lisiposimama?"

Jonathan aliinuka kwenda kufunga duka.

Usiku ule Getruda alimeza kidonge cha presha, na bado usingizi haukuja. Alijiona amesimama mbele ya meza, watu wameshika barua zake mbili za kazi, ya Ruhende mkono huu na ya Luhende mkono ule.

Kesho yake kliniki ya watoto ilijaa. Alipima, akaandika, akapima, akaandika, na akili haikuwepo. Msichana mmoja aitwaye Sabina, mzazi wa mara ya kwanza, aliipokea kadi akaitazama, kisha akairudisha.

"Shikamoo nesi. Samahani. Mwanangu ni Shimba. Hapa umeandika Simba."

"Marahaba. Si ni herufi moja tu?"

"Ndiyo, lakini siyo yeye."

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza, na yule msichana hakujali. Getruda alichukua kadi nyingine akaandika upya. Mchana aliomba ruhusa ya siku mbili.

Janet alipomwona tena alimpa kiti. Getruda hakukaa. "Juzi nilikudanganya," alisema. Akatoa barua ya kwanza ya ajira aliyoifunga ndani ya kitenge miaka yote hiyo, akaiweka mezani. "Huyu Ruhende ni mimi. Kama nitashtakiwa, nishtakiwe nikiwa nimesema."

Janet aliisoma, akaandika kwenye kompyuta.

"Vyeti vyako vya uuguzi vina jina gani?"

"Luhende. Vyote."

"Basi hujaghushi kitu, mama. Ni karani aliyekosea herufi. Huku kwetu L na R zinatusumbua sana. Kesi kama yako tunaziona. Nenda kwa wakili ukaape kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, halafu mwajiri wako atuandikie barua. Lakini siwezi kukuahidi. Hatujui kama waliwasilisha michango yote."

Getruda alipata wakili mtaa wa Mirongo, palepale Mwanza. Barua ya mwajiri ilichukua wiki tatu, na majibu ya mfuko wiki tano nyingine. Katika wiki hizo Getruda alikonda, na kila simu ilipolia aliiacha iite mara mbili kabla ya kuipokea.

Hatimaye Janet alipiga. Kwa jina la Ruhende walikuta miezi ishirini na miwili. Minane haikuwa na michango yoyote, na huenda isingepatikana kamwe.

"Mia moja tisini na sita," Getruda alihesabu kwa sauti. Akakaa chini sakafuni, palepale alipokuwa.

Jioni alikwenda dukani kwa Jonathan, akamwambia angelipwa pensheni ya kila mwezi. Mkupuo, zile fedha za mwanzo anazopewa mstaafu pamoja na pensheni, ungemalizia nyumba, na sehemu nyingine ingekaa benki. Duka la pili halikuwemo.

Jonathan alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuwa nimeshamwambia mwenye fremu ya duka kwamba naichukua," alisema.

"Basi kamwambie tena."

Hakufurahi, na mama yake hakumlazimisha afurahi. Lakini alifunga duka mapema, wakaongozana hadi nyumbani.