Ushahidi wa Mkaguzi

Jumanne saa nne asubuhi fundi cherehani alikuwa akipunguza kiuno cha suruali ya mlinzi wa benki, ambaye alikuwa amekonda tangu mkewe arudi kwao, nyani alipopiga hodi. Fundi alimkaribisha bila kuinua kichwa. Mshono ulikuwa katikati, na wateja wake wengi walikuwa na mtindo wa kuja kulalamika hata kabla nguo haijaisha. Nyani aliingia, akakaa kwenye benchi la wateja, akasubiri.

Alipoinua kichwa, fundi alimtambua kwa sikio la kushoto. Lilikuwa na pengo linaloweza kuingiza kidole gumba, na pengo hilo alilitia yeye mwenyewe kwa jiwe alipokuwa na miaka kumi. Sasa alikuwa na arobaini na nne. Nyani kwa kawaida hawaishi miaka yote hiyo, lakini huyu alikuwa na shughuli nyingi, hakupata nafasi ya kufa.

Kule shambani kwao walimwita Mkaguzi. Mahindi yakikaribia kukomaa alikuwa akitangulia peke yake, anapita mstari kwa mstari, anachana ganda la hindi moja, anatafuna punje mbili, halafu anarudi kuwaambia wenzake kama bado au tayari. Hakuwahi kukosea. Marehemu baba yake fundi, ambaye kusifu mtu kulimpa shida, alikuwa akisema nyani yule anajua kazi kuliko bwana shamba.

"Pole na msiba," alisema Mkaguzi. "Nimesikia mzee hayupo."

"Nimeshapoa. Mwezi wa tatu sasa."

"Kule kwetu habari zinachelewa."

Wakazungumza kama watu wasioonana siku nyingi. Mkaguzi alilalamikia meno ya nyuma, na zaidi alilalamikia ulinzi wa siku hizi. Mtu anasimamisha kijiti, anakivisha koti kuukuu, anaenda zake mjini. Unakula huku roho iko juu, maana hujui mwenye shamba yuko wapi. Zamani ulijua jiwe linatoka upande gani. Vijana wake wenyewe wameacha mashamba kabisa, wanashinda jalalani nyuma ya hoteli wakila mikate ya jana, na wamenenepa ovyo. Fundi naye alilalamikia mgongo, umeme unaokatika katikati ya pindo, na wateja wanaodai nguo imepungua wakati ni wao walioongezeka.

Mkaguzi alitazama ukuta. Kulikuwa na misumari, na kila msumari ulining'iniza uzi wenye mafundo.

"Hivi ni nini?"

"Vipimo vya watu. Fundo hili kifua, hili kiuno, hili urefu. Mimi sijui kuandika."

"Najua," alisema Mkaguzi.

Ndipo fundi akamweleza lililokuwa likimkosesha usingizi. Mwenye nyumba alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi ujao awe ameondoka, kwa sababu chumba hicho alitaka kuweka mashine ya kusaga. Na shamba la baba lilikuwa linagawanywa. Fundi hakutaka shamba zima. Alitaka kipande cha juu kando ya barabara, hatua thelathini kwa ishirini, ajenge chumba kimoja, aweke cherehani yake, asihamishwe tena na mtu. Alisema anastahili, kwa sababu tangu akiwa na miaka saba hadi kumi na sita yeye ndiye aliyelinda shamba hilo, kila msimu, juu ya dungu la miti, akigonga debe na kurusha mawe.

Kaka zake hawakubisha. Kaka mkubwa, ambaye ni mwalimu, alisema kwa upole kwamba yeye hawezi kulithibitisha jambo hilo, maana miaka yote hiyo alikuwa darasani. Kaka wa pili, dereva wa lori, akasema hata yeye. Mama alitaka kusema neno, lakini alielezwa kwamba yeye ni mama wa wote, kwa hiyo hana upande. Baba mdogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, akaona kila mtu amesema kwa busara. Akaagiza fundi alete shahidi aliyekuwepo shambani siku zile, mwenye macho yake.

"Na hakukuwa na mtu," fundi alisema. "Mlikuwepo nyinyi tu."

Mkaguzi alijikuna bega. "Kikao kingine lini?"

"Jumamosi. Saa tisa."

"Nitafika. Ila mbwa wafungwe."

Jumamosi mbwa alifungwa nyuma ya choo. Sebuleni kwa marehemu viti vilikuwa vimepangwa kuzunguka meza ndogo, kila kiti na kitambaa chake cha kufuma, na televisheni ilikuwa imefunikwa shuka ili isiingie vumbi. Mwalimu alikuwa na daftari la kuandikia muhtasari. Mkaguzi alifika saa tisa kasoro dakika tano, akiwa mtu wa kwanza kufika kwa wakati tangu vikao hivyo vianze. Alimwamkia mama shikamoo.

"Marahaba," alisema mama, akamtazama kwa makini. "Ni wewe uliyefukua mbegu zangu za maboga."

"Ni mimi, mama."

"Zote."

"Zilikuwa nzuri."

Mama akamletea chai. Baba mdogo aliuliza kama mgeni ni wa ukoo au wa nje, dereva akajibu kwamba ni jirani wa mpakani, upande wa mto. Mwalimu akaandika hivyo. Mkaguzi aliombwa aeleze anachokijua, aseme ukweli mtupu, na asimame. Baada ya muda ilionekana kwamba akisimama anakuwa mfupi kuliko akikaa, akaruhusiwa kukaa.

Alieleza bila haraka. Mtoto wa kike alikuwa anafika kabla nyasi hazijakauka umande, hana viatu, na debe lenye tundu mgongoni. Msimu wa kwanza alikuwa analia. Msimu wa pili aliacha kulia, akaanza kulenga. Msimu wa nne hakuna nyani aliyethubutu kuingia kwa upande wa dungu. Waliingia kwa chini, na hata huko wawili walipoteza meno. Mkaguzi alijigusa sikio, akasema kielelezo kiko hapa, asiyeona asogee. Dereva alisogea, akaona.

"Mwaka wa mvua nyingi aliumwa," aliendelea. "Siku tatu alilala chini ya dungu, anatetemeka, hakuna mtu aliyekuja kumwangalia. Siku hizo tatu hatukuingia."

"Mlimwonea huruma," alisema baba mdogo, akikubali kwa kichwa.

"Hapana. Tulidhani ni mtego."

Mwalimu alisimamisha kalamu. Alisema hana nia mbaya na shahidi, ila mambo kama haya mtu yeyote anaweza kuyatunga, kila shamba lina mtoto na kila mtoto ana jiwe. Je, kuna jambo ambalo mtu wa nje asingeweza kulijua?

Mkaguzi alifikiri. Akasema mtoto yule alikuwa na kawaida ya kuhesabu kwa sauti akiwa juu. Mbili mara moja mbili, mbili mara mbili nne. Anamaliza ya mbili, anaingia ya tatu, ya nne, hivyo hivyo, mpaka saba mara sita. Hapo anasimama, anarudi mwanzo. Siku zote hapo hapo. Kundi zima la nyani lilijifunza kutoka kwake, na mpaka leo wote wanaamini hesabu zinaishia saba mara sita.

Watu wote walimgeukia mwalimu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akikariri hesabu hizo kila jioni mezani, kwa sauti, huku dada yake akiosha vyombo, na ndiye aliyekwama saba mara sita miezi mingapi sijui, mpaka baba alipomchapa. Alikuja kupita baadaye, akiwa bweni. Dada yake hakuwa karibu kusikia kilichofuata.

"Ni kweli," alisema mwalimu. "Hiyo saba ilinisumbua sana." Akaiandika kwenye muhtasari, kwa haki, maana ni mtu mwenye haki katika mambo ya kuandika.

Miaka yote hiyo fundi alifikiri hakuna aliyemwona. Alitazama mikono yake ili asilie mbele ya wanaume, na kwa mara ya kwanza akajiruhusu kuwaza mlango wa chumba chake utazame wapi. Aliona vyema utazame barabarani, wateja waone nguo.

Baba mdogo na kaka wawili walitoka wakaenda kushauriana barazani. Walirudi kabla chai haijapoa.

"Ushahidi huu hauna doa," alisema baba mdogo. "Imethibitika kwamba binti yetu alilinda shamba hili misimu tisa. Ndani ya chumba hiki hakuna anayekataa, na tunamshukuru bwana Mkaguzi kwa kutufumbua macho. Lakini katika kutufumbua macho ametuonyesha na jambo la pili. Huyu bwana amekuwepo kwenye shamba hili kabla ya binti, wakati wa binti, na baada ya binti kuolewa. Hakuhama. Mpaka anaujua kuliko sisi. Ni mwanamume, ana watu wanaomtegemea, na hakuna siku amepewa kitu kwa mkono. Kwa hiyo kile kipande cha juu, kando ya barabara, tumeona kiende kwake."

"Na mimi?" aliuliza fundi.

"Wewe uliolewa ukarudi. Kesho utaolewa tena. Kipande kitaondoka kwenye ukoo."

"Nyani hawaondoki," aliongeza dereva, kama mtu anayetaka kusaidia ieleweke.

Mkaguzi alisema yeye alikuja kutoa ushahidi tu. Baba mdogo akamwambia unyenyekevu wake ndio umezidi kuwashawishi. Mwalimu alimsogezea kidau cha wino, akampa kitambaa cha kufutia kidole. Fundi aliomba asomewe kilichoandikwa kumhusu yeye. Mwalimu alitafuta kwenye ukurasa, akasoma: kikao kinatoa shukrani kwa dada kwa mchango wake. Mama, aliyekuwa akikusanya vikombe, aliuliza kama sasa na yeye anaweza kusema. Aliambiwa kikao kimeshafungwa.

Ilimuuma fundi, na haikuwa siri. Alitembea hadi barabarani bila kuaga. Mkaguzi alimfuata kwa nyuma, polepole, akiwa na karatasi ya kipande mdomoni kwa sababu mikono alikuwa anaitembelea. Walipofika kwenye kipande chenyewe aliitoa.

"Sikuomba," alisema.

"Nilikuwepo. Nilisikia."

"Nimekosa kukataa."

"Ndiyo. Umekosa."

Wakakaa kando ya barabara. Lori lilipita, vumbi likawafunika wote wawili, wakasubiri liondoke. Kisha Mkaguzi alisema ana tatizo. Msimu ujao atapanda, na anawajua wenzake, hawana adabu hata kidogo, watamaliza kila kitu kabla hakijakomaa. Hawezi kulala akijua hivyo. Anahitaji mlinzi anayeifahamu kazi, na katika maisha yake amemwona mmoja tu. Chumba kitakuwepo. Mlango fundi anaweza kuuweka anavyotaka.

Fundi alitamani kumrushia jiwe la sikio la kulia, na alisema hivyo waziwazi. Mkaguzi akasema anaelewa. Lakini mwisho wa mwezi ujao ulikuwa unakuja, na cherehani haiwezi kukaa njiani.

Chumba kilipokamilika alihama, siku ya Ijumaa, kwa mkokoteni, cherehani juu, nyuzi za wateja ndani ya mfuko. Wateja walimfuata, maana pale barabarani palionekana vizuri kuliko mjini. Asubuhi alishona. Mahindi yalipoanza kubeba, aliamka kabla umande haujakauka, akapanda dungu, na alikuwa bado ana shabaha. Nyani walilalamika kwamba kiongozi wao amewasaliti, kisha wakazoea. Kaka zake wakipita walisimama kumsalimia. Mwalimu aliwaambia watu kwamba mambo ya dada yao yalikwisha salama. Alikitaka kile kipande, na si huyo yupo pale pale. Watu wakakubaliana naye.

Jioni moja, mavuno yakiwa yamekaribia, Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja akichambua punje. Fundi alikuwa akishona vifungo.

"Siku wewe ukiondoka," alimwuliza, "hapa patakuwa pa nani?"

Mkaguzi alitafuna kwanza, akamaliza. Alieleza kwamba kwao vijana wa kiume wakikua huondoka, huenda kutafuta makundi mengine. Mabinti ndio wanaobaki, na nafasi ya mama hushikwa na binti yake. Imekuwa hivyo siku zote, na hajawahi kusikia mtu ameitisha kikao.

Fundi aliacha sindano.

"Lakini hili ni shamba la kwenu," alisema Mkaguzi. "Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya ardhi. Nimeshaandikisha wanangu wa kiume."

Fundi alikata uzi kwa meno, akachukua kifungo kingine.