Ufunguo wa Chumba Namba Kumi na Nne

Kitu cha kwanza alichokiona Ng'washi ni ufunguo. Ulikuwa mezani, karibu na kikombe cha Dokta Rwekaza, na bado ulikuwa na kitambaa chekundu alichoufungia Ng'washi mwenyewe. Namba za funguo zilishafutika, kwa hiyo wafanya usafi wa chuo kile cha Nyegezi walivitambua vyumba kwa vitambaa. Kila jioni funguo zote hurudi kwenye ubao wa stoo. Wa chumba kumi na nne, ofisi ya Dokta, haukuwa umerudi tangu mwezi wa tatu.

Ng'washi alimimina chai. Wajumbe wa kamati walikuwa wanarekebisha kanuni za nidhamu za wanafunzi, na walishafika kifungu cha kumi na saba.

"Malalamiko dhidi ya mwalimu yawe na shahidi," Dokta alisoma. "Na shahidi awe mwanafunzi au mwajiriwa wa chuo. Napendekeza hivyo."

"Ya zamani inasema mtu yeyote," alisema Mama Teodora, mwenyekiti, akishusha miwani.

"Ndiyo tatizo lenyewe, mama. Mtu yeyote ni nani? Muuza karanga wa getini? Tukiacha hivi, kesho mtaniletea hata ndoo itoe ushahidi."

Wakacheka. Mzee Chenge wa taaluma alicheka mpaka akakohoa, akanyoosha kikombe bila kumtazama aliyeshika chupa. "Dada, ongeza."

Ng'washi akaongeza. Yeye hakuwa mwajiriwa wa chuo. Aliletwa na kampuni ya usafi, na jina la kampuni lilikuwa mgongoni mwa sare yake ya bluu. Shule aliiachia darasa la tano, lakini hapa hakuhitaji kuelezwa. Ndoo ni yeye.

Ijumaa kamati hiihii ingesikiliza kesi ya Prudencia, binti wa mwaka wa pili kutoka Muleba. Prudencia alisema kwamba mwezi uliopita Dokta alimfungia ofisini alipokwenda kuuliza matokeo yake. Dokta alisema binti amefeli na sasa anachafua jina la chuo. Mmoja wao angefukuzwa, na wote walijua ni nani. Aliyekuwa koridoni na fagio siku ile, akasikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani na binti akisema, "Mwalimu, naomba niende," alikuwa Ng'washi peke yake.

"Utasema, dada?" Prudencia alimuuliza baadaye, kule bombani.

Alikubali kwa kichwa tu. Hakuwa mtu wa maneno; hata dukani, mtaani kwake Mabatini, huonyesha kwa kidole anachotaka.

"Na kesi ya Ijumaa?" Mama Teodora aliuliza. "Si ilifunguliwa kwa kanuni za zamani?"

"Itasikilizwa kwa kanuni zitakazokuwepo Ijumaa," alisema Dokta. "Tukipitisha leo, zinaanza leo."

"Kuna pingamizi?"

Katibu akaandika kwamba hakuna. Mzee Chenge alikuwa anachagua sambusa.

Miezi mitatu Ng'washi alikuwa na picha moja kichwani. Dokta anatoka getini mchana kweupe, vitabu vyake viko kwenye boksi la sabuni, wanafunzi wamesimama pande zote mbili na hakuna anayempokea mzigo. Kila alipopiga deki mbele ya mlango wake, aliirudia. Hakutaka aonywe. Hakutaka ahamishwe tawi jingine. Alitaka akose pa kuweka macho.

Akafika kwenye kikombe cha Dokta. Akamimina. Kikombe kikajaa, naye akaendelea. Chai ikajaza sahani, ikatambaa kwenye karatasi, ikapita kifungu cha kumi na saba, ikamwagikia Dokta mapajani.

"We binti! Una wazimu?" Aliruka, kiti kikaanguka.

"Usijali kuhusu karatasi, Dokta," alisema katibu. "Yote yako kwenye kompyuta. Nimeshahifadhi."

"Muombe radhi, binti," alisema Mama Teodora. "Halafu lete tambara."

Ng'washi hakwenda kuleta tambara. Aliweka chupa chini, akauchukua ufunguo kwa kile kitambaa chekundu.

Dokta akanyoosha mkono. "Nipe," alisema taratibu. Sauti ilikuwa ileile ya mwezi wa tatu, neno lilelile.

Vidole vya katibu vilikuwa juu ya kompyuta. Alimtazama mwenyekiti, aandike au asiandike. Mwenyekiti alikuwa anafuta miwani yake.

"Kabla ya Prudencia," alisema Ng'washi, "alinifungia mimi."