Gunia Moja kwa Siku

Mimi kumwamini mtu ni kazi, na sioni haya kusema. Muuza nyanya wa Kariakoo akinipa fungu, nalipindua kwanza nizione za chini. Mteja akileta kitambaa, nakipima mbele ya macho yake, asije kesho akadai nimemkatia kipande. Ndiyo maana kamati ya shule ilipotafuta mzazi wa kushika ufunguo wa stoo ya chakula, wazazi wote waligeuka wakanitazama mimi, Sabaha binti Awadhi, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu. Sikukataa. Niliona tu wamechelewa.

Ulikuwa mwaka wa themanini na moja, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na shule yetu ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya kupewa chakula cha serikali. Kila mwanzo wa mwezi lori lilitoka ghalani, mtaa wa Gerezani, na kushusha magunia ishirini ya bulga, ile ngano iliyopondwa ambayo madukani huioni. Gunia moja kwa siku, siku ishirini za masomo, kila mtoto kikombe cha bati kilichojaa. Mume wangu Mrisho alikuwa mpakiaji wa ghala hilohilo. Siku ya lori yeye ndiye aliyeyabeba magunia kuyaingiza stoo, nami nikisimama mlangoni kuyahesabu. Yalitimia kila mara.

Ilipofika Juni, sufuria likaanza kukauka mapema. Darasa la kwanza hadi la tano walikula. La sita na la saba walifika na vikombe vyao wakakuta mwiko unakwaruza chini. Binti yangu Sitara alikuwa la sita. Alirudi nyumbani saa nane, akaumega ugali wa moto bila kungoja mboga. Iliniuma sana. Ilipopita miezi mitatu, mwalimu mkuu, Onesphory, mtu mpole asiyependa maneno mengi, akaita kamati. Alisema mkoa umeandika barua: shule nyingine zinalisha watoto wote kwa mgao uleule, na sisi tukishindwa hadi mwisho wa mwezi, tunatolewa kwenye orodha.

"Gunia linaingia jikoni zima," nikasema. "Vikombe vinatoka pungufu. Katikati yuko nani?"

Wote tulimjua aliyekuwa katikati. Alikuwa Paskalina, mpishi wetu, mjane aliyetoka Peramiho kule Songea, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo.

Kuanzia siku hiyo nilimganda. Niliacha mashati ya watu bila vifungo, nikaenda kukaa jikoni kwenye kigoda, macho kwake. Naye alinitazama kwa pembe ya jicho. Akiwa anaimba nyimbo zake za kanisani, nikiingia tu ananyamaza. Nilimwona akiongeza maji kwenye sufuria, ndoo baada ya ndoo, na kuchochea moto hata jiko likatema moshi. Nikajiambia, mtu asiye na lake moyoni haogopi kutazamwa.

Alhamisi moja nikamsimamisha getini. Alikuwa anatoka na ndoo iliyofunikwa kanga.

"Funua."

Akafunua. Ndani mlikuwa na ukoko.

"Ukoko ni wa mpishi, Mama Sitara," akasema. "Hata kwenye harusi zenu ni hivyo hivyo."

Kweli, ni desturi, nikampisha apite. Lakini ukoko ule ulikuwa mnene kama kidole gumba changu, na jibu nilikuja kulipata usiku nikiwa kitandani. Kesho yake nikalipeleka kwenye kamati: anaunguza makusudi. Anachochea moto ili nusu ya chakula ishike chini, kisha anaibeba mchana kweupe na kuiita haki yake. Nilisimulia vizuri, nikaonyesha na unene kwa kidole. Wazazi wakaguna. Mwalimu Onesphory akamuuliza Paskalina kama ana neno.

Paskalina alinitazama mimi, si mwalimu. "Sina neno," akasema. "Mwenye ufunguo ameshasema."

Akaachishwa kazi Ijumaa ileile. Sitaki kudanganya, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa madaha, nikapitia kwa majirani wawili kuwaeleza.

Jumatatu, mpishi mpya alikuwa bado hajapatikana, nikajitolea kupika mwenyewe. Nikavuta gunia la siku hiyo nikalifungua. Gunia la kiwandani hufungwa mdomo kwa mashine: ukikata ncha moja ya uzi na kuvuta, mshono wote unafumuka kwa mkupuo. Nikakata, nikavuta. Haukufumuka.

Nikainama kuutazama. Ulikuwa mshono wa mkono, wa sindano nene, uzi wa kaki ule ninaoshonea kaptula za shule. Mimi mshono nausoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Huu ulilalia upande usio wake, kama unavyolalia mshono wa mtu wa mkono wa kushoto, na mwishoni uzi ulikuwa umezungushwa mara tatu kabla ya kukatwa. Maishani mwangu nimemfundisha kushona mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto. Mwaka juzi, sare zilipokuwa zimenilemea, nilikaa naye barazani nikamwonyesha namna ya kuzungusha uzi mara tatu usifumuke.

Nikayapapasa magunia yaliyobaki stoo. Yote yalikuwa na mshono ule, na yote matumbo yalikuwa yamelegea kidogo. Mimi niliyahesabu kila mwezi, lakini kuyashika sikuwahi.

Nikapika hivyo hivyo, maana watoto walikuwa wanangoja. Sufuria likakauka darasa la tano. Sitara akafika na kikombe chake, akachungulia ndani, akaninong'oneza, "Mama, hata wewe?"

Saa kumi na moja jioni Mrisho akarudi kazini, akaketi barazani kuvua viatu. Mume wangu huyu nilikuwa nimemchunguza miezi hiyo yote, maana kabla ya kila siku ya lori alikuwa akichelewa kurudi. Nilinusa mashati yake nikitafuta manukato ya mwanamke niliyedhani anaye kule Upanga. Sikunusa bulga. Nikamwekea ule uzi mapajani.

Aliutazama, akashusha pumzi. "Pishi tatu tu kila gunia, Mama Sitara. Pishi tatu haziui mtu."

"Mwanao hali shuleni!"

"Mwanangu anakula hapa." Akainua uso. "Na sukari unayokunywa tangu Juni, wakati mtaa mzima unakunywa chai bila sukari, ulidhani inatoka wapi? Wewe unayeuliza kila kitu, mbona hiyo hukuuliza?"

Sukari ile niliipokea, nikaificha kabatini, na sikuuliza kwa sababu niliitaka.

"Nyamaza tu," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hofu. "Yule mama ameshaondoka. Yamekwisha."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda Gerezani, nyuma ya karakana za magari, alikopanga Paskalina. Nilimkuta uani anafua nguo za watu. Nikapiga hodi. Hakunikaribisha.

"Umefuata ndoo?" akauliza.

Nikamweleza yote, mshono, uzi, sukari. Alisikiliza huku anakamua shuka. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua tangu Juni," akasema. "Si mimi niliyekuwa nafungua hayo magunia?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwenye ufunguo wewe. Anayebeba magunia mumeo. Nilijua mnafanya pamoja. Ulipokuja kukaa na kile kigoda chako, nikasema huyu ametumwa kuhakikisha sifungui mdomo. Ningesema, mngesema ni mimi. Na bila kusema, mkasema ni mimi." Akatundika shuka kambani. "Nikawa naongeza maji, nachochea moto ivimbe, vikombe vijae. Ndiyo maana ilikuwa inashika chini."

"Sikujua, Paskalina. Wallahi sikujua."

"Na mimi niliposema ukoko ni ukoko tu, uliniamini?"

Nilisimama pale kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Yeye akaokota nguo nyingine.

"Kama hukujua," akasema, "kaseme mbele ya watu, kama ulivyonisema mimi."

Kutoka Gerezani hadi kwetu si mbali, lakini siku hiyo njia ilikuwa ndefu. Nilimfikiria Mrisho jela. Nilimfikiria Sitara akiulizwa shuleni baba yuko wapi. Nikafikiria pia ile barua ya mkoa, na watoto wa la sita na la saba wakishika vikombe vitupu, na mwanamke yule akifua nguo za watu kwa sababu mimi nina ulimi mzuri. Mlango wa nyumbani niliupita. Nikaenda kwa Mzee Abbasi, balozi wetu wa nyumba kumi.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama Sitara. Leo umemshuku nani?"

"Nimekuja kumshitaki mume wangu."

Mzee akacheka, akavua miwani. "Mambo ya wanawake wa nje hayo kayamalizeni ndani. Mtaa mzima unajua unavyomnusa."

"Si mwanamke, mzee. Ni chakula cha watoto wa shule."

Kicheko kikaisha. Akavaa tena miwani, akauliza polepole, "Una hakika?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimewashuku watu bila hakika, na nililala usingizi mzuri. Siku hiyo hakika nilikuwa nayo, na ningetoa hata cherehani yangu ili niwe nimekosea.

"Ninayo," nikasema, na machozi yakanitoka. "Chukua kalamu. Andika kwanza kwamba Paskalina hakuiba."

Akaandika. Nikangoja amalize, kisha nikamtajia jina la mume wangu, na la baba yake, na la babu yake, wasije wakamkamata Mrisho mwingine.