Makopo Mawili ya Zaidi

Nati ililegea kwa mzunguko wa tatu, na oili nyeusi ikaruka kabla Bernardo hajautoa mkono. Ikamuunguza vidole. Alisogeza karai kwa kiwiko, akaiacha imwagike yote. Alikuwa ameiwasha injini kwa dakika kumi ili oili ipate moto na kushuka na uchafu wake. Ndivyo alivyofundishwa na shemeji yake, Modest.

"Bado tu?" Bwana Kershaw aliuliza kutoka barazani. "Mshindani wangu Nabhan ameshatuma mtu Tura. Nikikuta nta yote imenunuliwa, shauri yako."

"Inamalizika, Bwana."

Zamani kazi hii ilifanywa gereji kwa Mhindi, mjini Tabora. Lakini mwaka huo wa 1951 kila kitu kilipanda bei: unga, kaniki, mafuta ya taa, gereji nayo. Bwana Kershaw, mnunuzi wa nta na asali, akaamua kuwa gari lake litabadilishwa oili uani kwake, na atakayelala chini ni dereva. Mshahara wa dereva haukupanda.

Bernardo alikuwa na miezi saba katika kazi hiyo. Miaka ya nyuma usukani ule ulikuwa wa Modest, mume wa dada yake, Tekla. Siku moja Bwana alijaza oili kwa mkono wake mwenyewe, akapitisha alama ya kipimo. Modest akamwambia, "Imezidi, Bwana, tuipunguze." Akapigwa kofi mbele ya wachukuzi wa ghala. Walipofika karibu na Bukene, injini ikafa. Bwana akaandika kwenye cheti cha kazi cha Modest: mlevi, ameharibu injini. Kwa maneno hayo hakuna mtu Tabora aliyempa gari tena. Akajiandikisha manamba, akapanda treni kwenda kukata mkonge Tanga. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Tekla alikuwa akilima vibarua kwenye mashamba ya watu. Alipomwona kaka yake amevaa kofia ya dereva wa Bwana yuleyule, hakumsalimia wiki nzima. Bernardo alimwambia neno moja tu: "Ngoja."

Sasa aliikaza nati, akafungua makopo. Injini ile ilichukua makopo manne. Ukishayamimina, unalishusha gari kutoka kwenye matofali yaliyoinua pua yake, lisimame sawasawa, unangoja oili itulie chini, ndipo unachomoa kijiti cha kupimia, unakifuta, unakichovya tena. Oili ikigusa alama ya juu, basi. Ikizidi, vyuma vya injini vinaipigapiga mpaka inakuwa povu, na povu halilainishi chuma.

Alimimina manne, akasimama.

Bwana hakungoja. Gari lilikuwa bado limeinuliwa pua alipochomoa kijiti na kukitazama.

"Haijafika hata nusu! Unaniibia oili?"

"Hapana, Bwana."

"Ongeza mawili."

Bernardo alimtazama usoni. Maneno yalikuwa tayari kinywani: gari limeinama, Bwana, tulishushe kwanza. Akayameza.

"Mawili, Bwana?"

"Wewe kiziwi? Mawili!"

Akayamimina polepole, bila kumwaga hata tone.

Walipita Goweko jua likiwa kali. Baadaye kidogo moshi wa buluu ukaanza kuwafuata nyuma, kisha injini ikaanza kugonga.

"Nini hiyo?"

"Injini, Bwana. Nisimame?"

"Nta inaondoka! Twende!"

Bernardo akaongeza mwendo. Injini iligonga kwa nguvu zaidi, ikakwama ghafla, na gari likasimama katikati ya miombo. Bwana alifunua boneti mwenyewe. Oili ilikuwa imetapakaa kila mahali. Akachomoa kijiti: povu lilikuwa limepanda juu kabisa ya alama. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Modest alikuambia. Ulimpiga kofi."

Bwana alikunja uso, akijaribu kweli kukumbuka. "Modest ni nani?"

Bernardo alikuwa amejiandaa kwa kofi, kwa matusi, hata kwa polisi. Kwa hili hakujiandaa. Akamweleza: Bukene, cheti, mkonge, Tekla na watoto watatu. Bwana alisikiliza huku akitazama saa yake.

"Sawa, sawa. Nenda stesheni ya Tura waniletee gari. Nitakupa barua."

"Nitakwenda. Lakini kwanza uandike ya Modest. Andika kwamba injini ile uliiua wewe."

Bwana aliangalia njia huku na huku. Hapakuwa na gari wala mtu. Akatoa kalamu, akaandika upesi, akaikunja karatasi. "Zote mbili zimo humo. Mpe stesheni masta."

Bernardo akaikunjua. Mapadre walikuwa wamemfundisha Kiingereza, jambo jingine ambalo Bwana hakuwahi kuuliza. Alisoma taratibu, kwa sauti, akiyaweka maneno kwa Kiswahili: "Boi huyu ameharibu gari langu makusudi. Mkamateni mpaka nifike." Akageuza upande wa pili. Palikuwa patupu.

"Jina la Modest silioni, Bwana."

Bwana akairudisha kalamu mfukoni.

Chupa kubwa ya maji ya safari ilikuwa inaning'inia mlangoni. Bernardo aliifungua. Bwana akanyoosha mkono, akidhani anapewa. Bernardo akajimiminia maji mikononi, akachota mchanga, akasugua oili kidole kimoja kimoja. Akamimina tena. Akasugua tena, bila haraka, mpaka chupa ikatoa tone la mwisho. Kisha akavua kofia ya udereva, akaiweka juu ya kiti pamoja na barua ile, akashika njia ya kurudi Tabora.

Nyuma yake Bwana Kershaw alianza kuita. "Boi! We, boi! Dereva!" Aliita hivyo mara nyingi, sauti ikizidi kupanda. Jina hakulitaja hata mara moja.