Maneno ya Marehemu kwenye Jambia

Watu wa mnadani walimwita Jicho, na hawakukosea. Ukimletea jambia la kale la kijeshi lenye jina la askari lililochongwa ubavuni, aliliweka chini ya lenzi na kukuambia papo hapo kama jina lilichongwa enzi hizo au juzi tu, na tapeli anayetaka kupandisha bei. Lakini kulikuwa na jambia moja lililomnyima usingizi miaka sita, na hakuwahi kuliona.

Lilikuwa la marehemu mume wa mkewe, mwanajeshi, aliyelirithi kwa babu yake. Mkewe alilifungia sandukuni, ila maneno yaliyochongwa alimtajia: "Kwa mke wangu, wa kwanza na wa mwisho." Jamani, mtu kashazikwa, bado kamkalia mwenzake kwenye kiti! Jicho alimwonea marehemu wivu hadi roho ikamuuma. Hata mkewe akiimba jikoni, alitaka kujua anamwimbia nani.

Sasa wifi ya mkewe, dada wa marehemu, alitaka kulipeleka makumbusho, na watu wa huko wakadai hati ya mkaguzi. Mkewe akalileta karakanani kwa Jicho, akasimama mlangoni.

Jicho aliinamia lenzi. Maneno ya zamani huwa na kutu ndani, na kingo zake hulika kwa kuingia na kutoka kwenye ala. Haya yaling'aa mpaka chini. Kingo zilimkwaruza kidole.

"Feki!" aliruka. "Hakuandika yeye! Nilijua tu!" Furaha ilimjaa, wala hakuona haya.

Akarudi kwenye lenzi amtafute tapeli. Chini ya kila herufi palikuwa na mstari mwembamba wa pili. Akaitazama patasi yake ndogo mezani, ile iliyomeguka ncha mwezi uliopita. Akaijaribu kwenye kipande cha bati. Mistari miwili, ileile.

Aligeuka taratibu. "Mke wangu, ni wewe?"

"Ni mimi. Wifi aliposema wewe ndiye utakayelikagua, ningefanyaje? Halikuwa na neno hata moja."

"Miaka yote hii unanitesa kwa maneno ya kubuni?"

"Siku niliyokutajia ndiyo siku ya kwanza uliyoacha visu vyako ukaniangalia mimi." Sauti yake haikupanda. "Marehemu hakuniandikia hata barua. Wala wewe."

Jicho akaliinamia tena jambia, maana kumtazama mkewe kulimshinda.